Niwekee, Ntapita

Jirani yangu Mwanakheir hajui kusema hapana, na mimi nimechoka kumfundisha. Nyumba zetu hapa Mpendae zinatazamana, kwa hivyo kila anachorudi nacho kutoka Darajani nakiona kabla hajakiingiza ndani. Ana mabeseni ya kuogeshea mtaa mzima. Ana chupa za chai ambazo hazijawahi kutiwa chai. Mara moja alirudi na pazia za madirisha manane, na nyumba yake ina madirisha matatu, eti kijana wa watu alikuwa ameshazikunja.

Mimi muuza akiniita nasema "Sitaki", napita zangu. Wananiita mkali, na wana haki. Mwanakheir hawezi. Yeye hushona kofia za viua kwa mkono, na zamani alikuwa akizipeleka madukani mwenyewe. Kule Mji Mkongwe alikuwapo mwenye duka mmoja ambaye alikuwa akimfukuza kwa kupunga kiganja tu, hata uso hainui.

"Bashira, afadhali angenitukana," aliniambia siku moja. "Tangu hapo siwezi kumwambia mtu aliyekaa na biashara yake kwamba sitaki kitu chake."

Nikamwambia muuza hukataliwa mara mia kwa siku na hafi. Akanikubalia kwa kichwa, na kesho yake akarudi na beseni.

Watoto wake walipoanza kumgombeza, akapata dawa. Muuza akimkunjulia kitu, yeye hukishika, hukisifu, husema mashaallah, kisha humalizia: "Niwekee, mwanangu. Inshallah ntapita." Wala hapiti. Wauzaji wa mjini neno hilo wamelizoea tangu utotoni, na wao wenyewe hulitumia wakienda kwa wenzao. Kitu hurudi kwenye rundo hata mama wa watu hajageuka, na hakuna aliyevunjika moyo. Nilimpongeza kwa kweli. Miezi ile halikuingia beseni hata moja.

Ramadhani iliyopita, kumi la mwisho lilipoanza, tulikwenda pamoja Darajani kununua nyuzi za kofia. Kwenye meza ndogo pembeni ya njia tulimkuta muuza mgeni, mwanamke wa Tumbatu anaitwa Hija. Alikuwa amemwacha mtoto wake kwa mama yake ili aje auze kanga msimu wa sikukuu, na ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuuza mjini. Akamkunjulia Mwanakheir doti ya zambarau.

"Chukua, mama, imebaki hii moja. Na hii ya kijani nakupunguzia ukizichukua zote mbili."

Mwanakheir akaipapasa, akaisifu mpaka mimi nikaona haya. Kisha akatoa dawa yake. "Niwekee hiyo ya zambarau, mwanangu. Inshallah ntapita kabla ya Idd."

Hija akaikunja taratibu, akaitia kwenye mfuko, akaufunga fundo na kuuweka chini ya meza. Sisi tukenda zetu.

Mwezi ishirini na tisa tulirudi tena mjini baada ya alasiri. Njia zimejaa, kila mtu anamuuliza mwenzake kama mwezi utaandama. Meza ya Hija ilikuwa tupu. Yeye mwenyewe kasimama, mkoba begani, anaangaza nyuso za watu. Alipotuona akacheka kwa furaha.

"Shikamoo, mama. Nlijua tu utakuja!"

"Marahaba, mwanangu. Mbona hujenda kwenu?"

"Nnakungoja wewe. Wenzangu wameondoka tangu asubuhi. Ile doti wameitaka watu, mmoja kaniongezea na bei, nkamwambia ina mwenyewe. Yuko mama kaniahidi."

Mwanakheir akamuuliza mkobani mna nini. Zilikuwa nguo za Idd za mtoto wake, Jaku: kanzu, kofia na viatu. Boti za Tumbatu huondoka Mkokotoni kwa kufuata maji, na siku hiyo za mwisho zilikuwa karibu kuvuka. Mwezi ukiandama, Idd ni kesho, na nguo za mtoto ziko Darajani.

Nikamwona Mwanakheir anatia mkono kwenye pochi. Nilijua anachotaka: anunue, aibu imwishie hapo. Pochini zilikuwamo pesa za nyama ya sikukuu na si nyengine. Mkono ukakaa humo kidogo, kisha ukatoka mtupu.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikuwa nije. Nlisema vile nisikuvunje moyo. Nisamehe."

Hija akamtazama. "Yaani hukuitaka?"

"Sikuitaka."

"Basi ungenambia, mama. Nngekasirika kidogo, yakaisha. Saa hizi nngekuwa nshafika kwa mwanangu."

Hakupandisha sauti. Angefoka ningejua la kumjibu, maana kufoka nakuweza. Mwanakheir akalia pale pale njiani, watu wanampita. Hija akauchukua mfuko wa doti chini ya meza, nami nikawashika wote wawili mikono, tukenda mbio mpaka kwenye gari za Mkokotoni. Ilikuwapo moja inataka kuondoka. Hija alipokwisha kukaa, Mwanakheir akamwomba namba ya simu kupitia dirishani, naye akampa, akachukua na yake.

Magharibi mwezi ukaandama. Mpendae nzima ikapiga kelele za furaha, watoto wakamiminika nje. Mwanakheir alikula tende moja, uji ukapoa mbele yake. Nilikwenda kukaa naye, na nilimwonea huruma, ingawa ulimi uliniwasha. Baada ya isha simu ikalia. Akaifungua sauti na mimi nisikie.

"Boti zishavuka, mama," alisema Hija. "Nalala hapa Mkokotoni kwa jamaa zetu, alfajiri navuka. Jaku kakataa kulala, kakaa mlangoni na bibi yake. Pengine ntamkuta hajenda kuswali Idd."

"Mungu akufikishe, mwanangu. Nimekukosea."

Hija akauliza, pole pole: "Nikirudi mjini ntakuja na pweza mkavu. Wa kuuza. Nikuletee?"

Mwanakheir akanitazama. Mdomo ulishaanza kusema mashaallah, nikauona. Akaufunga.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Pweza sitaki. Ahsante."

"Haya, mama," akasema Hija. "Ahsante na wewe. Sasa siku ukinambia unataka, ntakuamini."