Sweta la Baba Mkwe wa Kilwa

Siku moja, nakumbuka vizuri kwa sababu hata leo ikinijia nacheka peke yangu, niliketi Nchelenge, ufukweni mwa ziwa Mweru, karibu na mahali zinapofikia mashua za Kilwa, nikifuma sweta ambalo lingemtosha ng'ombe. Mwanangu, usicheke mapema. Nami nilikuwa msichana kama wewe, hodari wa kazi lakini mzito wa kuuliza.

Nilikuwa nimechumbiwa na Chisha, kijana wa kisiwa cha Kilwa, huku huku ziwani Mweru. Wazazi wake walikuwa waje kwetu baada ya wiki mbili kuzungumza mambo ya posa. Lakini maneno yana miguu. Nilisikia kwamba mama yake amesema wasichana wa sokoni kama mimi wanajua kuuza samaki tu, nyumba hawaiwezi. Iliniuma sana. Nilimpenda Chisha, na niliogopa wazazi wake wasije wakanikataa. Basi nikaazimia kumfumia baba yake sweta, maana ulikuwa mwezi wa sita, na upepo wa ziwa mwezi huo haumhurumii mvuvi.

Nilichagua masweta mawili ya salaula, hiyo mitumba yetu ya kupekuapekua, nikayafumua nipate uzi. Sindano zangu zilikuwa spoku za baiskeli nilizozisugua juu ya jiwe. Kilichobaki kilikuwa kipimo, na hapo ndipo nilipojikwaa. Kwetu binti hamkaribii baba mkwe, sembuse kumzungushia kamba kifuani! Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwa mbali, akishuka kwenye mashua asubuhi ya baridi. Nikaona mtu mpana kama mlango. Nikampima kwa macho, nikaanza kufuma.

Mama Feza, mfanyabiashara wa Kikongo aliyenifundisha kazi hiyo, alikuja pale kungoja mashua yake. Akalichukua lile sweta, akajifunga kiunoni kama kitenge. Likamzunguka mara mbili, na Mama Feza hakuwa mtu mdogo.

"Iyi triko ni ya nani?"

"Ya baba yake Chisha."

"Ule mzee wa Kilwa? Ule muntu mwembamba?"

"Mwembamba? Mimi nilimwona mnene!"

Alicheka mpaka wauza samaki wakageuka. "Mutoto yangu, ulimuona na baridi. Alivaa mashati tatu na koti juu! Ulipima nguo, haukupima muntu."

Nikajitetea kwamba ni heshima iliyonizuia. Hapo kicheko kikaisha.

"Buko, ule mwiko ya wakwe, inakukataza kumugusa mukwe. Haikukatazi kuuliza. Bibi yake, mama ya Chisha, iko, muulize. Iyi haiko heshima, ni kiburi. Mficha uchi hazai. Fumua yote!"

Zilibaki siku tisa. Nikasema labda nitalikunja pembeni, nishone, hakuna atakayeona. Akanitilia ncha ya uzi mkononi. Basi nikavuta uzi, na kazi ya siku tano ikawa furushi mapajani mwangu. Nililia, sikufichi.

Kesho yake nilimeza aibu, nikatuma kamba ya wavu Kilwa kwa mama mkwe, yule yule aliyenisema, nikimwomba anisaidie kipimo. Kamba ilirudi na mafundo matatu: kifua, urefu, mkono. Aliyeileta alisema mama alimpima mzee wake usingizini, mchana, huku amejiziba mdomo asicheke. Nilifuma mpaka vidole vikavimba. Hata hivyo siku ya wageni ilifika, na mkono wa kushoto sijaugusa.

Nilitaka kulificha. Mama mkwe ndiye aliyeuliza mbele ya wote, "Sweta iko wapi?" Nikalileta nimepiga magoti, macho chini. Mzee akalivaa pale pale juu ya shati lake. Lilimkaa sawasawa, ila mkono mmoja wa shati ulikuwa nje. Kwa kuwa hakuweza kusema nami moja kwa moja, akamgeukia baba yangu.

"Mwambie huyu mutoto, mukono wa pili haufumiwi hapa. Aje aufumie kwetu."

Mama mkwe ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Sasa sikia, mwanangu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Heshima ni nzuri, lakini usiigeuze kifuniko cha kiburi chako. Ukiona umekosea, fumua mapema, hata kama machozi yatakutoka, kwa maana kosa moja haliachi mke, ila kosa linalofichwa huzaa ndugu zake. Na anayekusema vibaya, mwombe msaada siku moja. Huenda ndiye aliyekuwa akingoja kuombwa.

Nenda na heri, mwanangu. Mungu akupe vidole visivyochoka na ulimi usioona haya kuuliza, na kila nyumba utakayobisha hodi, uitikiwe karibu.