Wanajeshi sita, majina sita, na uso tuliouheshimu kimakosa

Wakuu, nawasalimu kwa heshima. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na nitayasimulia pamoja na sehemu inayoniaibisha.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeshika kasi, Kaloleni, Arusha mjini, kila mlango umegeuzwa duka. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo cha ualimu, nimepanga chumba hapo, nikiamini kwamba historia ya watu wadogo lazima iandikwe.

Bibi yangu, Bibi Elinaja, anaishi upande wa Momela, huko Meru. Kaka yake Naftali alichukuliwa kwenda vita ya Wajerumani na Wajapani, hakurudi. Bibi alikuwa mtoto mdogo mno. Sura ya kaka yake haikumbuki.

Kilichobaki ni picha moja. Askari sita wamesimama mstari mmoja, kofia mkononi. Nyuma kuna majina sita kwa penseli: Lemburis wa kwanza, Naftali wa pili, Yakobo wa tano, Petro wa mwisho.

Kwa hiyo wa pili kutoka kushoto ndiye alikuwa Naftali wetu. Kijana mrefu, anatabasamu. Bibi alimwamkia kila asubuhi maisha yake yote.

Mwaka huo ukoo uliamua kumfanyia ibada ya kumbukumbu, kwa kuwa hana kaburi. Nikapewa kazi ya kukuza uso wake ili uwekwe mbele ya kanisa Jumamosi.

Hapa niseme jambo. Nilikuwa nimeona tatizo mapema. Katika wale sita, mmoja tu alikuwa na ndewe, masikio yaliyotobolewa na kuvutwa hadi kuning'inia kama ya wazee wa Kiarusha na Kimaasai. Naye alikuwa wa mwisho kulia, yaani Petro. Lemburis, mwenye jina la Kimaasai, alikuwa na masikio madogo kabisa.

Ilinishangaza. Lakini nilijiambia kwamba si haki kumtambua mtu kwa alama za kabila lake. Hata nikaona fahari.

Alhamisi nikaipeleka picha studio. Mwenyewe ni mzee wa Kihindi, Mzee Jivan, aliyerithi kazi kwa baba yake. Akaitoa kwenye fremu, akailaza juu ya kioo chenye taa chini yake.

"Bwana mwalimu, nikuze yupi?"

"Wa pili kushoto. Naftali."

Akainamia kioo. "Njoo uangalie. Haya majina mbona yanapanda na kushuka?"

"Labda mwandishi hakuwa na rula."

Akacheka mpaka miwani ikateleza. "Rula! Huyu alishika picha kwenye dirisha, akaandika kila jina mgongoni kwa mwenyewe. Baba yangu alikuwa anafanya hivyohivyo."

Nikainama. Mwanga ulipopita, penseli ilionekana kinyumenyume, kila jina kwenye kifua cha mtu wake, juu kwa mrefu, chini kwa mfupi. Lemburis alikuwa kwenye yule mwenye ndewe.

Sisi tulikuwa tumeyasoma majina ya nyuma kuanzia kushoto, kumbe ukiigeuza picha kushoto inakuwa kulia. Naftali alikuwa wa pili kutoka kulia: kijana mfupi aliyefumba macho kamera ilipobonyezwa.

Yule mwenye tabasamu alikuwa Yakobo.

Wakuu, nilikaa kwenye benchi la studio nikipambana na nafsi. Nikinyamaza, Bibi atabaki na uso anaoupenda, ila ibada ya Naftali itafanywa mbele ya mtu mwingine. Nikisema, namnyang'anya kaka mara ya pili.

Mwishowe nikamwomba Mzee Jivan akuze nyuso zote mbili, ya Naftali na ya Yakobo, na Ijumaa nikapanda nazo Momela.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza, akauliza swali moja tu.

"Chuo chote hicho, hawakuwafundisha kuangalia masikio?"

Akaisogeza picha ya Naftali karibu na jicho lake moja linaloona vizuri.

"Amefumba macho," nikasema, kama naomba radhi.

"Naona. Hata mimi picha ya harusi ya mama yako nimefumba. Ukoo huu kamera ikija tunafumba." Akapitisha kidole kwenye kipaji cha uso wa kaka yake. "Kumbe ulikuwa mfupi, wewe."

Kisha akamgeukia yule mwingine. "Na huyu niliyemwamkia miaka yote, alirudi kwao?"

"Sijui, Bibi."

"Basi Jumamosi wakae wote wawili. Na wewe umtafutie watu wake. Huenda naye ana dada."

Ibada ilifanyika na picha mbili.

Nilichojifunza: nilifumba macho kwa kitu kilichokuwa wazi, nikauita uamuzi huo heshima. Kumbe kumheshimu mtu kunaanza na kumtazama alivyo.

Sasa wakuu, naomba msaada wenu. Yakobo, mrefu, mwenye mwanya kati ya meno ya mbele, alikwenda vitani pamoja na vijana wa Meru na Arusha. Kama kwenu kuna babu wa namna hiyo, aliyerudi au asiyerudi, andika hapa chini. Bibi bado anamwamkia.