Jibu Lililobaki Butiama

Nilikwenda Butiama kwa sababu ya aibu. Mwalimu wa kwaya yetu ya Nyasho, nilikoanza kuimba nikiwa darasa la nne, alisikiliza wimbo niliotunga, nusu Kiswahili na nusu Kizanaki, akauliza swali moja tu: "Hapo kwenye Kizanaki unasema nini?" Nikajibu ni mapenzi. "Mapenzi gani?" Nikabaki nacheka. Kizanaki nakiongea, ila mistari ile niliiokota kwa mama akipepeta mchele, na maneno yake ni ya kizamani. Nilishika neno la lango, nikashika la kulala, mengine nikayajazia mwenyewe. Jumamosi nilikuwa natakiwa studio Bunda kurekodi, mara yangu ya kwanza. Mama nilipomuuliza maana alisema, "Kamuulize Wakuru," wala hakunipa salamu za kupeleka.

Alhamisi, saa moja asubuhi, nikapanda Noah ya abiria mpaka Makutano, kisha bodaboda. Njia ya Butiama inapanda taratibu katikati ya mawe makubwa, na ukishatoka kwetu ziwani unausikia ubaridi kwenye mikono. Njia nzima nilijiimbia. Dereva aliuliza kama ninakwenda harusini.

Saa nne nikafika kwa Bibi Wakuru, mke mdogo wa marehemu babu, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika mji ule. Alikuwa akichambua maharage. Nilipiga magoti nikamwamkia, nikanywa uji, halafu nikamwimbia kwa madaha yote, macho nimeyalegeza. Yeye aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza.

"Sauti unayo," alisema. "Huyo anayesemwa humo ni mimi."

Nikamuuliza ilikuwaje. Akanifafanulia pole pole. Zamani, mwanamke akiwa kwenye jiwe la kusagia aliruhusiwa kuimba dukuduku lake lote, na hakuna wa kumkatiza, hata mume. Bibi yangu mzaa mama, mke mkubwa, aliimba hivi: aliyekuja jana kapewa nyumba ya langoni, mimi niliyejenga uzio nazunguka nyuma, yeye analala. Huo ndio wimbo wangu wa mapenzi!

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Jibu linatolewaga kwenye jiwe hilohilo, siku yako ya kusaga. Mimi nilikuwa nimeshalitunga. Ikaja mashine, tukawa tunapeleka mtama huko, tunapanga foleni. Ningejibia wapi? Kwenye kelele za injini?"

Nikamwomba ruhusa ya kurekodi. Alikataa bila hasira. "Ukiimba la mke mwenzangu peke yake, unakuwa umenisema mbele ya dunia, na mimi sina pa kujibia. Ama yote mawili, ama uache."

Nikasema basi anipe lake. Akacheka. Jiwe lilikuwa nyuma ya jiko, kuku wanalilalia. Tulilisugua, akanipigisha magoti, akanimwagia mtama kiganja kimoja kimoja. Hakutamka neno mpaka mikono yangu ilipoanza kwenda sawasawa, na hapo jua lilikuwa limepita utosi. Ndipo akaimba, nikasaga na kumfuatisha. Ijumaa tulirudia tena. Magoti yalichubuka, lakini udadisi ulinizidi maumivu.

Jumamosi nilifika Bunda, mtaa wa Nyasura, kwenye chumba kilichobandikwa magodoro ukutani. Prodyuza alikuwa ameshatengeneza biti. Alipousikia wimbo ulivyo sasa alivua hedifoni. "Dada, hii ngoma ilikuwa ya mapenzi. Wakewenza wametokea wapi?" Nikamweleza. Akasema dakika ni zilezile, kitu kimoja kitoke.

Nilijua cha kutoka ni ubeti wangu wa pili wa Kiswahili, ule nilioutunga kwa wiki tatu na kuupenda kuliko vyote. Niliumia, nisidanganye. Nikautoa. Kikabaki kiitikio changu, kisha bibi mmoja, kisha bibi mwingine.

Jumapili jioni nilirudi Nyasho. Mama alikuwa anapepeta, nikaweka simu mezani nikaucheza wimbo. Mstari wa mama yake aliuitikia kwa sauti, kwa kisirani kile nilichokuwa nikikidhani utamu. Hapo nilitambua kwamba wimbo unaweza kumrithisha mtu ugomvi bila kumrithisha kisa chake, na kwamba nilikuwa karibu kuupeleka redioni nikitabasamu.

Halafu likaja jibu la Bibi Wakuru kwa sauti yangu: dada, nyumba ya langoni ndiyo inayogongwa kwanza na wezi wa ng'ombe. Ukiona umelala mpaka asubuhi, ujue kuna mtu alikesha.

Ungo ulitulia. Mama aliomba nirudishe nyuma, akasikiliza tena, akajifuta uso kwa kanga.

"Mama yangu alikufa," alisema, "anaamini yeye ndiye aliyekuwaga macho."