Ng'ombe kwa Hisa ya Mashine

Mashine ya kusaga ilipofika kijijini kwetu, upande wa Mgwashi, wanawake tulivitupa vinu bila hata kuviaga. Siku hizo hisa moja ya mashine ilinunuliwa kwa bei ya mbuzi. Baada ya mavuno ya kwanza wenye hisa waligawana faida nono, na bei ikaruka mpaka ikawa ng'ombe mzima. Ndipo jirani yetu, mzee mmoja mwenye hisa, alipomwambia mume wangu yuko tayari kubadilishana: hisa yake kwa ng'ombe wetu. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyokuwa yakimsimamisha binti yangu, mtoto wa kuuguaugua.

"Hukuiona foleni?" mume wangu aliniuliza. "Mwakani faida itakuwa mara mbili."

"Itoke wapi, baba watoto? Nani amebaki anatwanga? Sote tumeshahamia mashineni. Mwakani tutasaga debe lilelile."

Nilijua, maana aliyebeba mahindi kichwani ni mimi, si yeye. Msimu wa mavuno nilisimama hadi miguu ikafa ganzi. Masika ghala zikiwa tupu, nilimkuta mwendesha mashine amelala juu ya magunia. Hiyo bei ya ng'ombe iliangalia mavuno tu, masika hakuna aliyeyataja. Na ng'ombe angenipa ndama, ndama naye angezaa.

Akacheka. Akasema Ujamaa unakuja, watu wa mlima wa pili watahamishiwa kwetu, nao watasaga. Hilo sikuwa nimelifikiria, na liliwezekana. Siku nzima nilipalilia migomba nikibishana naye kimoyomoyo, roho haitulii. Niliporudi nyumbani, zizi lilikuwa tupu.

Watu kweli walihamishwa. Foleni ikafika barabarani, kama alivyosema. Kisha tukaitwa mkutanoni, tukaambiwa mashine sasa ni mali ya kijiji kizima. Tulipiga makofi. Mume wangu naye alipiga, nami nikamwonea huruma na hasira kwa pamoja.

Njia ya mashineni inapita uani kwa yule mzee. Nilipita na debe kichwani, binti mgongoni, mwepesi kupita kiasi.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

Kabla mzee hajaitikia, ng'ombe aliisikia sauti yangu, akalia kutoka zizini.