Mbodze na Rangi ya Mguu

Mbodze alizaliwa Kaloleni, akaja Mombasa msichana kutafuta kazi, na kazi ya kwanza aliyoipata ndiyo iliyomshika hadi leo: kukanda mpira.

Kiwanda kilikuwa cha ndara. Mashine ilikuwa na magogo mawili ya chuma yanayozunguka yakielekeana, na Mbodze alisimama mbele yake akiyalisha mpira mbichi, kisha dawa, moja baada ya nyingine. Mpira mtupu haufai kitu. Kukiwa na joto hunata kama ulimbo, kukiwa na baridi hukakamaa. Salfa ndiyo inayoufanya ushikamane ukitiwa motoni. Masizi huupa nguvu ya kusuguana na lami usilike upesi, tena huukinga na jua. Halafu kuna dawa ya kuuzuia usizeeke, kwani mpira nao huzeeka, ukapasukapasuka kama kisigino cha mtu anayetembea peku.

Masizi hayo yalimwingia kila mahali. Alipokwenda kuoga maji yalitiririka meusi, na alipopenga kamasi kitambaa kilitoka cheusi. Mumewe Chengo, kibarua wa bandarini, alikuwa akimtania kwamba ameoa mchoma makaa. Chengo alifariki kwa homa akamwacha na binti mmoja, Joy, na muda si mrefu baadaye kiwanda nacho kikafungwa. Mbodze akawa anauza viazi karai kando ya barabara huko Tudor.

Hapo ndipo Barnabas alipompata. Barnabas alikuwa mtu wa bara, fundi wa miguu ya bandia, mwenye karakana yake Tudor karibu na mkono wa bahari. Miguu yenyewe aliiunda vizuri, ila nyayo za mpira alizokuwa akiagiza kutoka ng'ambo hazikustahimili. Wateja wake wengi walikuwa wanaume wa kazi nzito, mahamali wa Marikiti waliokatwa mguu kwa ajali au kwa kisukari, na nyayo hizo zilipasuka upesi kwa jua na maji ya chumvi. Akasikia kwamba yule mama wa viazi karai aliwahi kukanda mpira. Akamwendea, akala viazi, kisha akamuuliza kama angeweza kukanda tena, kwani alikuwa amenunua mashine kuukuu ya magogo mawili.

"Mpira wa mguu wa mtu si mpira wa ndara," Mbodze alimjibu.

"Najua, Mama Joy. Tutajifunza pamoja."

Wakajifunza. Nyayo walizozitoa zilikuwa nyeusi tititi, zimejaa masizi, na zilidumu. Hamali hakujali rangi. Alivaa kiatu juu yake akarudi kwenye mkokoteni.

Kisha akaja Bi Fadhiya.

Alikuwa mwanamke wa Kuze, Mji wa Kale, mjane, mwenye umri wa kumzidi Mbodze kidogo. Sukari ilikuwa imemla mguu wa kulia hadi ukakatwa chini ya goti. Alikuja na magongo, buibui lake limepigwa pasi, akasalimia kila aliyekuwemo, mmoja mmoja, ndipo akaketi. Barnabas alipomwonyesha wayo mweusi aliuangalia muda mrefu bila kuugusa.

"Mwanangu Mejumaa aolewa baada ya Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija," alisema. "Siku ya kupamba bibi harusi nitakaa mbele ya watu. Sitaki kukaa na kipande cha gurudumu chini ya nguo yangu. Nataka mguu wa rangi yangu."

Barnabas alimtazama Mbodze. Mbodze akachuchumaa mbele ya yule mama, akamwomba ruhusa, akaushika mguu wake wa kushoto, ule uliobaki. Ulikuwa wa maji ya kunde, ukikoza weusi kidogo kwenye vifundo vya vidole.

"Nitajaribu, Bi Fadhiya. Lakini nikiondoa masizi, mpira utapungua nguvu."

"Si neno. Sitabeba magunia."

Alianza upya. Mahali pa masizi alitia unga mweupe, akaongeza rangi nyekundu ya udongo, manjano kidogo, kahawia, akikanda na kukata vipande na kuvipeleka mlangoni kwenye mwanga. Kipande kimoja kilitoka cha waridi kama pipi, kingine kijivu. Bi Fadhiya aliitwa mara kadhaa aje aweke mguu wake kando ya vile vipande, na kila mara alikuja, akakaa, wakazungumza habari za watoto na za ugonjwa. Mwishowe kikapatikana kipande ambacho Barnabas mwenyewe, akitazama kutoka kwenye meza yake, hakuweza kusema mara moja kipi ni ngozi na kipi ni mpira.

Mpira ukatiwa kwenye kalibu, ukabanwa kwa moto, ukatoka wayo wenye vidole na kucha zake. Bi Fadhiya alivaa ndara za ngozi akatembea hadi mlangoni akarudi. Alimshika Mbodze mkono na kuukaza.

Harusi ilipokaribia alirudi akiwa na mfuko wa nguo. Akautoa mguu ule akauweka mezani. Wayo wote ulikuwa umepiga baka, upande wa juu umekuwa rangi ya chai ya mkandaa isiyotiwa maziwa, kati ya vidole umebaki ulivyokuwa.

"Nilikuwa nikikaa nao barazani asubuhi, ukipigwa na jua," alisema taratibu. "Kila siku wazidi. Mjukuu wangu auliza kama na huu nao una sukari."

Mbodze aliugeuza wayo huku na huku. Hakujua kilichotokea. Barnabas alimpigia simu mwuzaji wa dawa za mpira Nairobi, akasikiliza, akakata simu, akaja kuketi karibu na Mbodze.

"Ni ile dawa ya kuzuia uzee, Mama Joy. Ni nzuri, lakini ikipigwa na jua hugeuka rangi. Ndani ya mpira mweusi haionekani, kwa hiyo wewe na mimi hatukuwahi kuijua. Ipo nyingine isiyotia doa, ila haina nguvu kama hii."

"Niliitia kwa mazoea," Mbodze alisema. "Mkono ulikwenda wenyewe."

"Hata mimi nilikuwa hapa nikikutazama."

Bi Fadhiya alikuwa amewasikia. Alifunga mfuko wake mtupu akasema, "Basi tufanyeni mwingine. Siku bado zipo."

Dawa ikaletwa kwa basi. Mbodze akakanda mwingine, na safari hii aliweka kipande chake juu ya paa la mabati kukijaribu kabla ya kuthubutu kutengeneza wayo. Hakikubadilika.

Siku ya kupamba Mbodze alialikwa. Alikwenda na leso mpya aliyoinunua Biashara Street, akakaa nyuma kwa sababu hakumjua mtu. Bi Fadhiya alikaa mbele karibu na bibi harusi. Mguu wa kushoto ulikuwa umechorwa maua meusi ya piko, na wa kulia nao ulikuwa na maua yale yale. Mchoraji, walisema, alipomaliza mmoja alitaka kufunga kikopo chake, Bi Fadhiya akausogeza mwingine mbele yake. Wanawake waliokuja kumpa mkono waliinama, wakaona, wakampongeza kwa binti yake. Mbodze alikula biriani akaondoka mapema. Njiani machozi yalimtoka na hakuwa na hakika ni ya nini.

Mwaka uliofuata kidonda kikatokea kwenye kisigino cha kushoto. Bi Fadhiya alikificha, kisha kikanuka. Hospitalini waliukata mguu huo juu kidogo kuliko wa kwanza.

Aliletwa Tudor na Mejumaa, kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa amekonda. Barnabas alimpima. Mbodze alitoa kabatini kile kipande cha rangi ili akande wayo wa pili ulingane na wa kwanza, na Bi Fadhiya akamzuia kwa mkono.

"Ngoja kwanza, dadangu. Nambie ukweli. Ule wa rangi utakaa muda gani?"

"Kwa uzito wote juu yake, si sana. Ulikuwa ukisaidiwa na mguu wako."

"Na wa masizi?"

"Ule utadumu."

Mejumaa alisema, "Mama, huna haja ya kutembea. Sisi tupo."

"Najua mpo." Aliiangalia ile mashine ya magogo mawili. "Rangi ile niliitaka ilingane na mguu wangu, na mguu wenyewe wameuzika. Itieni masizi miguu yote miwili. Nataka kusimama kwa ajili ya kuswali, hata rakaa moja."

Mbodze alikanda mpira ule siku nzima. Aliukanda mweusi, akautia dawa ile kali aliyoizoea, na alipomaliza alinawa mikono muda mrefu kwenye bomba la nje, ingawa alijua haitatakata.

Kujifunza kusimama kulimchukua Bi Fadhiya miezi. Alianguka mara nyingi. Wakati mwingine alimkasirikia Mbodze, akamwambia amwache, kisha akamtuma mjukuu wake kumwomba msamaha. Sasa hutembea ndani ya nyumba akishikilia ukuta, na husimama kwa swala anapojisikia na nguvu. Siku nyingine huswali akiwa ameketi. Kuze ngazi ni nyingi na barabarani hashuki.

Mbodze bado yuko karakanani. Mwanamke akija kutaka mguu wa rangi yake, humweleza kwanza utakavyodumu, kisha humwacha aende nyumbani akafikiri. Wengi hurudi wakitaka rangi, naye huwakandia.

Jumapili akitoka kanisani hupita Kuze. Bi Fadhiya huwa amevua miguu na kuiegemeza mlangoni, na vigutu vilivyobaki vimevimba kwa kubanwa. Mbodze hukaa mkekani, hujimiminia mafuta ya nazi viganjani, humkanda polepole, wa kulia kisha wa kushoto. Mejumaa huleta kahawa chungu na kaimati, na Mbodze hukawia hadi auone uvimbe umetulia.