Mistari Juu ya Shaba ya Gracia

Ninyi vijana mnaotafuta nafasi ya doktora, ile shahada ya juu kabisa, kwenye telefone, someni haya mpaka mwisho, hata kama aliyeyaandika aliishia mwaka wa nne wa primeri.

Siku yangu ya kwanza kwenye labo, maabara ya kiwanda cha madini, hapa Likasi, nilipewa ndoo, chupa za kuosha na aproni iliyonifika miguuni. Shefu wa labo hakunisalimu. Aliinua chupa moja akaniuliza naona nini ndani. Nikasema hakuna kitu. Akasema basi nianze kwa kujifunza kuona. Nilirudi nyumbani na hasira.

Kutoka chupa nikapelekwa kwenye kusaga mawe, halafu kwenye polisaji, na hapo nikakaa mpaka pensheni. Polisaji ni kung'arisha jiwe la mgodi mpaka liwe kama kioo, ili injinia wa mikroskopi aone madini yamekaaje ndani. Unaanza na unga mkali, unakwenda kwenye laini, halafu laini zaidi. Kati ya unga na unga unaosha jiwe na mikono, hata kama umechelewa. Punje moja ya unga mkali ikibaki kidoleni inakwaruza jiwe, na yule wa mikroskopi atausoma mkwaruzo wako kama Injili.

Siku moja umeme wa bwawa la Koni ulikatika. Mashini ya kuzungusha ikasimama. Nilikuwa na haraka, nikamalizia kwa mkono bila kunawa. Injinia akaona mistari, akaandika kwamba mawe ya sehemu ile yamejaa nyufa, na kiwandani wakabadilisha namna ya kuyasaga. Siku tatu nilificha. Siku ya nne nikamwendea injinia nikasema ni mimi, nikangoja anifukuze. Alichana karatasi yake polepole.

"Mama Jeanne, jiwe haliseme uongo. Mukono njo unasema uongo."

Halafu akanipeleka kwa wakubwa, niyarudie mbele yao.

Sasa mjukuu wangu Gracia, mtoto wa mwanangu Deo. Alimaliza chuo Lubumbashi, na anatafuta nafasi ya doktora Ulaya: miaka minne ya kutazama vitu vya elektroniki kwa mikroskopi isiyotumia mwanga bali elektroni. Alinieleza kwamba mbele ya mashini hiyo unywele mmoja ni mpana kama barabara ya Lubumbashi. Ili kuomba, alifanya polisaji ya kipande cha shaba, akakichoma kipate ngozi nyembamba ya oksidi, ile inayopitisha umeme kwa kuchagua, akakipiga picha kwenye mikroskopi ya chuo. Picha ikatoka na mistari. Akaandika kwamba ngozi ile inaota yenyewe kwa mistari, jambo jipya, akatuma. Profesa akajibu kwamba mistari hiyo inamvutia sana, waongee Jumatatu. Nyumba nzima ilicheza.

Jumapili baada ya misa akanionyesha picha. Nikaomba miwani. Mashini inazunguka, hata ikikwaruza inakwaruza huku na huku. Mistari ile ilikwenda upande mmoja, kama imepitishwa kitana. Nikamuuliza kama umeme ulikatika siku ya polisaji.

"Ndiyo, Kambo," akasema, maana kwetu bibi ni Kambo. "Nilimaliza na mukono."

"Ulinawa?"

"Kambo, weye na mawe yako. Hii ni nanometa."

"Na hiyo nanometa, iko na mikono ya nani?"

Alitoka kwenda uani, akazunguka, akarudi na macho mekundu. Alikuwa amekumbuka kwamba hakunawa.

Deo akasema tuache. Mtoto achukue nafasi kwanza, ataeleza akifika. Ulaya nani atajua kwamba umeme ulikatika huku? Nikamwambia kule wana mashini kubwa kuliko macho yangu, na binti yake atajenga miaka minne juu ya mkwaruzo. Gracia akasema akiandika ukweli, profesa atamchukua mwingine. Nikasema inawezekana. Sikumdanganya.

Pensheni haijanituliza. Nafagia palipofagiliwa. Telefone ya jirani ikilia nasimama. Jumatatu ile ilipita bila mazungumzo, na mpaka leo ninapoandika, profesa hajajibu barua ya ukweli. Wako wanaosema hapa mtaani kwetu Kikula kwamba nimemfungia mtoto njia. Labda. Lakini ninyi mtakaotazama vitu vidogo hivyo, mtaaminiwa na watu wasioweza kuja kutazama wenyewe. Hilo ndilo linalonizungusha uani.

Jumapili ile bukari, ugali wetu, ilikuwa mezani, samaki wa ziwa la Tshangalele wanapoa. Gracia ameshika telefone, barua kwa profesa imeandikwa yote, kidole hakitaki kubonyeza. Deo akanyoosha mkono kwenye sahani. Nikawaambia wote:

"Muntu asiguse bukari mpaka barua itaenda."