Godoro la Katikati

Burul anamwonea wivu mama mkwe wake, na kijiji kizima kinajua. Si wivu wa mali. Mali gani, ng'ombe mmoja na shamba la maharage? Anamwonea wivu wa mtoto, na mtoto mwenyewe kamzaa yeye Burul.

Huku kwetu Talas, bondeni chini ya milima, mtoto wa kwanza si wako. Unambeba tumboni, unamnyonyesha, akiacha ziwa anavuka uwanja kwenda kwa bibi yake na kuwa kitinda mimba wa wazee. Bibi anamwita mama. Baba yake anamwita kaka. Wewe uliyelia kwa uchungu wa kumzaa, kwa kuwa ni mke wa kaka, anakuita shemeji. Mimi mume wangu ni wa mwisho kwao, na wakwe zangu walikwishapata wajukuu wa kuwatosha, kwa hiyo wanangu wote nililala nao mwenyewe. Ndiyo maana nilizoea kumcheka Burul. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mtoto anaitwa Baiel, yuko mwaka wa tisa. Analala kwa Sayrakan, mama mkwe, ambaye ni mjane, na nyumba ya Sayrakan inatazamana na ya Burul. Mimi nipo ng'ambo ya mfereji wa kumwagilia mashamba, na tanuri la mkate tunatumia moja. Basi hakuna kinachopikwa kule nisichokinusa.

Wiki yenyewe ilikuwa ya mavuno. Maharage yalikuwa yameshang'olewa, yamelala shambani yakikauka, na mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya milima. Kila mwenye mikono miwili alitakiwa shambani. Jumatatu asubuhi Burul akaniita kutoka mlangoni kwake, nywele hazijafungwa.

"Dada! Hebu njoo umwangalie huyu. Ana vipele au kaumwa na viroboto?"

Nikamfunua Aizirek, binti yake, mtoto wa pili, shati. "Viroboto gani wanaleta homa? Tetekuwanga hiyo, mdogo wangu. Tafuta dawa ya kijani."

Dawa ya kijani ni ile ya chupa ndogo, inayopakwa kipele kimoja kimoja kwa kijiti chenye pamba. Ikikushika kidoleni haitoki hata ukisugua kwa mchanga. Mchana Tilek naye, kitinda mimba, akaanza kujikuna shingo.

Sayrakan alipopata habari alitoka hadi katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

"Bi arusi!" Burul ana watoto watatu lakini bado ni bi arusi, kwetu cheo hicho hakiishi upesi. "Funga mlango wako. Baiel asikanyage huko mpaka hao wapone."

"Sawa, mama."

Sawa ilikuwa ya mdomoni. Aliporudi jikoni aliniambia, "Asikanyage huko! Nyumba yangu imekuwa zizi la kondoo wenye kichomi?"

Siku mbili zilizofuata sijui alizipitaje. Tilek alikataa kushushwa mgongoni. Akashushwa, akatapikia unga uliokandwa. Aizirek alijikuna mpaka akatoka damu, akalia kwa kuiona damu, Tilek akalia kwa kumwona dada yake analia. Mkate uliungua. Ng'ombe alikata kamba akaingia kwenye maharage mabichi ya jirani, tukamkimbiza mimi na Burul, mtoto mgongoni, chupa ya dawa mkononi, kijani mpaka puani. Taalai, mume wake, alirudi shambani akiwa vumbi tupu, akatazama nyumba ile iliyopinduka, akauliza kama kuna chai.

Na katikati ya vurugu hiyo kulikuwa na sauti moja ugani.

"Shemeji! Ni kweli Aizirek amekuwa wa kijani?"

"Wa kijani kama tango."

"Niingie nimwone?"

"Mama yako amekataza."

Burul aliniambia kwamba maneno hayo, mama yako, kila akiyatamka anasikia nyongo ulimini. Namwamini. Nilikuwa namwona anavyomtazama yule mtoto akirudi kwa bibi yake, akishikwa paji la uso, akipanguswa pua kwa upindo wa gauni. Sayrakan hakuwa anamringia mtu. Lakini kwa mwenye wivu kila kitu ni maringo. Bibi akimfunga mtoto kitambaa shingoni, Burul huku ameuma mdomo. Bibi akicheka naye, Burul huku amebamiza sufuria.

Jumatano mvua ilitishia kweli, Sayrakan akakimbilia shambani kusaidia kufunika maharage. Mimi nilikuwa juu ya banda langu naanika vipande vya tofaa. Nikaona dirisha la nyuma la Burul linafunguliwa, na miguu ya Baiel inaishia ndani. Nilishuka nusura nianguke. Nilipofika, Baiel amekaa kitako kati ya wadogo zake, anakula maandazi bakuli moja na Tilek, na Tilek amemshika shavu kwa mkono wenye vipele.

Nikamvuta Burul pembeni. "Una wazimu? Ataambukizwa!"

"Na aambukizwe."

"Burul!"

"Wagonjwa wote huwekwa chumba kimoja, dada. Hata mama anajua hilo. Akiugua atalala hapa." Akaonyesha zulia kati ya magodoro mawili. "Siku chache tu. Mzima ni wake, simgusi. Mimi naomba mgonjwa."

"Mama gani anamwombea mwanawe ugonjwa?"

"Mama hawezi," akasema. "Shemeji anaweza."

Nilimtoa Baiel kwa dirisha lilelile na nikanyamaza, kwa sababu kama ningesema, ukoo mzima ungemla Burul mbichi.

Ijumaa Baiel aliamka na homa na kifua kizima kimetapakaa vipele. Habari ilipovuka uwanja, Burul, Mungu amsamehe, hakuguna hata mguno mmoja wa huruma. Alikimbilia rundo la magodoro membamba ya kukunja, akavuta moja, akalivika foronya aliyotoka nayo kwao alipoolewa, ile nyekundu iliyotariziwa, ambayo mimi nilidhani anaiweka kwa maziko yake. Akamsogeza Aizirek kushoto, Tilek kulia, akalitandika katikati. Kisha akakaa mlangoni kungoja.

Baiel hakuletwa.

Jioni Sayrakan alikuja mferejini kusuuza vikombe. Vidole vyake vilikuwa vya kijani mpaka kwenye vifundo. Burul aliviona. Hata angemkuta amevaa pete ya ndoa ya Burul mwenyewe, asingeumia vile.

"Mama, mlete huku. Nina wawili tayari, wa tatu si kazi."

"Mwache. Amelala. Amezoea mkono wangu."

Mwanamke mzee akaondoka na vikombe vyake, na Burul akabaki ameinama kwenye maji akisugua vidole vyake vya kijani. Kijani hicho kilikuwa cha Aizirek na Tilek tu, na hakukitaka.

Jumamosi akaja Kalicha, muuguzi wa zahanati, akipita nyumba kwa nyumba. Burul alikuwa hajalala vizuri tangu Jumatano, na sasa alimuuliza huku anatazama pembeni:

"Mtu aliyekaa na wagonjwa juzi anaweza kutoka vipele leo?"

"Juzi? Wapi! Huu hukaa mwilini wiki mbili ndipo uchomoze. Baiel kaupata shuleni. Darasa lao lote limekuwa kijani, wavulana kwa wasichana."

Nilidhani Burul ataanguka amshukuru Mungu. Dhambi aliyoifanya ilikuwa haijamdhuru mtu! Badala yake akajipiga paja.

"Hata ugonjwa hakuupata kwangu!"

Akasimama, akafunga kitambaa chake kichwani, akavuka uwanja. Nikamfuata na bakuli la mtindi. Jirani akienda kuona mgonjwa haendi mikono mitupu, na ugomvi ule nisingeukosa kwa lolote.

Hata hasira ya bi arusi huvua viatu mlangoni. Burul alivua vyake, akavipanga, akaingia. Chumba kilikuwa kimejaa moshi wa majani ya mreteni, ambayo tunawafukizia wagonjwa. Baiel alikuwa kitandani kwa bibi yake, kichwa mapajani mwake.

"Mama, nimekuja kumchukua."

"Kumpeleka wapi?"

"Kwangu. Mpaka apone. Godoro limetandikwa tangu jana."

"Mtoto ana homa, unataka kumpitisha kwenye upepo? Hapa pamepungua nini?"

"Nimepungua mimi."

Sayrakan akamtazama. Baiel akafungua macho, akamuuliza bibi yake, "Mama, mbona shemeji analia?"

"Moshi, mwanangu. Lala."

"Si moshi," Burul akasema, na sauti ikampanda. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, mama. Na huyu nimemzaa mimi."

Nusura mtindi uniponyoke. Kwetu mkaza mwana hamtupii mama mkwe methali. Methali huteremka tu, hazipandi. Nikangoja kishindo.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Taalai, vumbi mpaka kwenye kope. Mvua ilikuwa imepita mbali, maharage yamesalimika, uso wake umechanua.

"Shemeji, kuna chai?"

Alikuwa anamwambia Sayrakan. Anamwambia mama yake mzazi. Kwani Taalai naye ni mtoto wa kwanza, alilelewa na mama mkwe wa Sayrakan, ambaye sasa ni marehemu, na tangu ajue kusema amemwita yule bibi mama, na huyu aliyemzaa shemeji. Kila siku ya Mungu, mbele yetu sote. Nilimsikia mara ngapi? Ni kama kusikia mfereji.

Safari hii Burul alisikia. Akamgeukia mama mkwe wake. Mwanamke mzee alikuwa anaitazama birika.

"Ipo," akasema. "Kaa unywe."

Taalai akatutazama usoni mmoja mmoja, akachukua kipande cha mkate, akatoka bila chai. Si mjinga mwanamume yule.

Sayrakan akasema, "Huyo naye aliwahi kuugua hivi. Alikuwa mdogo kuliko Baiel. Mimi nilikuwa jikoni nakanda unga. Kila mlango ukifunguliwa nauona mguu wake, umetoka nje ya shuka. Nikasema, niingie nimfunike mguu tu. Mama mkwe akaniambia, bi arusi, mkate unaungua."

"Ukafanya nini?"

"Nikaenda kuangalia mkate."

Burul akafuta macho kwa kiganja. "Basi unajua. Unajua, mama, halafu unanifanyia mimi?"

"Kwa sababu najua. Nimesubiri mpaka mikono imenikunjamana ndipo nikapata mtoto wa kumpaka dawa. Huyu ni wangu, bi arusi. Simtoi hata ulie mito miwili. Wako atakuja. Zamu yako itafika."

Nilimchukia pale alipokaa. Na nikamwonea huruma, na nikakasirika kwa kumwonea huruma.

Kisha akakiinua kichwa cha Baiel polepole, akakilaza kwenye mto. Akaisukuma ile chupa ya kijani hadi mbele ya magoti ya Burul.

"Mgongo macho yangu hayauoni vizuri. Mpake wewe." Akasimama, akajishika kiuno. "Naenda kuangalia mkate."

Siku ile hatukuoka mkate. Tanuri lilikuwa baridi tangu asubuhi, nami ndiye niliyelifunika.

Burul akamgeuza mtoto, akamvua shati. Akachovya kijiti, akagusa kipele cha kwanza, begani.

"Inachoma, shemeji," Baiel akasema usoni mwa mto. "Mama hupuliza kwanza."

Burul akainama akapuliza. Akapaka, akapuliza, akapaka. Alienda taratibu kama mtu anayekula tonge la mwisho, na nilimwona akirudia vipele ambavyo alikwisha kuvipaka. Dawa ilimwagika vidoleni mwake wala hakuifuta. Nikaweka mtindi sakafuni, nikatoka.

Baiel hakuvuka uwanja. Alipona kitandani kwa bibi yake, akarudi shuleni, akamwita Burul shemeji kama kawaida. Wiki iliyofuata nilimkuta Burul amelifua lile godoro la katikati, foronya nyekundu inapepea kwenye kamba. Lilipokauka akalikunja, akaweka katikati yake tawi la mreteni ili godoro lisiliwe na nondo, akafungua sanduku lake kubwa.

"La nani hilo unalificha?" nikamtania. "Taalai amefukuzwa kitandani?"

Hakucheka. Vidole vyake bado vilikuwa na kijani kwenye kucha.

"La mtoto wa Baiel," akasema. "Wa kwanza."

Akalisukuma mpaka chini kabisa ya sanduku, akafunga. Nami nikamfikiria binti wa watu. Pengine yumo darasani mle mle na Baiel, anajikuna vipele vyake, mama yake anampulizia, na wala hajui kwamba mtoto wake wa kwanza ameshatandikiwa kwa mwingine.